Nani Atamnyoa Mama Beni

Mitundu, 3 Februari 1952

Kaka Simeoni,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua, hilo ndilo la kwanza. Mvua zimekuja kwa wakati na mtama umesimama vizuri, ila nguruwe pori wamemaliza karanga zote za nyuma ya nyumba na hawakuaga. Shangazi Marietha goti limepona. Sasa anafika kila nyumba ya Mitundu kabla ya saa nne asubuhi, na maneno yanafika pamoja naye, kwa hiyo wengine tunaona goti limepona mapema mno. Valimohamed wa duka la Itigi anakusalimu. Lori lake bado linakuja huku mara mbili kwa mwezi kuchukua nta na asali, nalo ndilo litakalobeba barua hii.

Sasa habari ya Mama, ambayo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Ni miezi minne na nusu tangu tumzike mdogo wetu Filipo, na Mama bado hajanyolewa. Mila yetu unaijua, lakini nakukumbusha kwa sababu ninyi walimu mna mengi kichwani. Aliyefiwa na mtoto hunyolewa na mtu aliyefiwa kwa kifo cha namna ile ile. Wa homa hunyolewa na wa homa, wa nyoka na wa nyoka. Kabla ya hapo hapiki, hashiki jembe, hakai na watu. Kwa kawaida ni mwezi mmoja tu, mtu ananyolewa, anarudi shambani kwake. Lakini nani hapa amepoteza mtoto kwa gari moshi? Wazee wamehesabu nyumba mpaka Itigi, hawakumpata hata mmoja. Shangazi akasema basi anyolewe na yeyote, Mungu ataelewa. Mama akajibu kwamba Mungu ataelewa, ila nywele hazitaelewa.

Hayo ndiyo maneno marefu aliyosema tangu Krismasi. Namlisha mimi, vijiko vitatu au vinne, halafu anafunga mdomo. Amekonda mpaka pete ya marehemu Baba imemtoka kidoleni, nimeitunza. Naogopa, kaka. Njoo. Wewe ndiye mkubwa wetu, na Baba alipotutoka wewe ndiye uliyekuwa baba wa Filipo. Kama huwezi kuja, basi andika kitu nimsomee, maana akisikia karatasi inafunguliwa anageuza uso kutazama.

Mdogo wako,
Selina


Kiomboi, 9 Machi 1952

Mdogo wangu Selina,

Marahaba. Barua yako imenifikia tarehe 2 Machi, baada ya kulala Singida siku nyingi kwa kuwa maji yamekata barabara. Mwili wangu ni mzima. Darasa langu lina watoto hamsini na mmoja na madawati kumi na mawili, kwa hiyo wengi wanajifunza kusoma wakiwa wamekaa chini. Nimepewa nyumba ya mwalimu yenye dirisha la kioo. Msalimie Shangazi Marietha na umwambie goti alitunze.

Kuhusu kuja, ruhusa hutolewa mwezi wa Juni tu, shule ikifungwa. Nitaomba. Usidhani nimewasahau.

Hata hivyo nimepata kitu cha kumsomea Mama. Bibi Lindahl, mmisionari wetu Mwamerika, ameniagiza nitafsiri kitabu kinachoeleza habari za wake wa marais wa kwao, ili wasomewe akina mama wa darasa la kushona. Nimefika kwa mke wa rais wa kumi na nne, Bwana Pierce. Msomee taratibu, nimeandika hivi:

Bibi huyu aliitwa Jane. Afya yake ilikuwa dhaifu, alikuwa mcha Mungu, na siasa hakuzipenda hata kidogo. Alizaa wana watatu. Wa kwanza aliishi siku tatu. Wa pili alikufa kwa homa akiwa na miaka minne. Wa tatu, Benjamin, ambaye walimwita Beni, alifika miaka kumi na moja. Habari ilipokuja kwamba mumewe ameteuliwa kuwania urais, mama yule alizirai. Naye Beni alimwandikia mama yake kwamba anatumaini baba hatashinda, maana hangependa kukaa katika mji mkuu, na anajua kuwa mama pia hangependa. Baba alishinda. Mwezi wa Januari, kabla hajaapishwa, wote watatu walipanda gari moshi. Behewa liliacha njia likabiringika bondeni. Baba na mama walitoka wazima. Beni alikufa mbele ya macho yao.

Nimeona Mama ajue kwamba hayuko peke yake.

Kaka yako,
Simeoni


Mitundu, 13 Aprili 1952

Kaka Simeoni,

Shikamoo. Leo ni Pasaka na nimepumzika, kwa hiyo nakuandikia vizuri bila kukimbiza mkono. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Shangazi amegombana na mke wa katekista kwa ajili ya ungo, nao ungo wenyewe umetoboka.

Kaka, umefanya kazi ambayo sisi wote hapa tulishindwa. Nilipofika mahali pa gari moshi Mama aliinuka akakaa. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Nimemsomea mara nne mpaka sasa naweza kuisema bila karatasi. Hamwiti Jane, anamwita Mama Beni. Jioni ile alikula bakuli zima la uji akaulizia mboga.

Na maswali, usiombe. Mama Beni anapikiwa na nani? Kwa wale wawili wa kwanza alinyolewa na nani? Mume wake alikuwa ameketi upande gani wa behewa? Mimi nitajuaje. Nimemwambia wewe ndiye mwenye kitabu. Akaniambia, "Basi muulize mwenye kitabu kama huyu mwenzangu ameshanyolewa."

Tuma kurasa nyingine, hata kama ni chache. Na ruhusa ya Juni usiisahau.

Mdogo wako,
Selina


Kiomboi, 11 Mei 1952

Mdogo wangu Selina,

Marahaba. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Huku baridi imeanza, watoto wanakuja shule wamejifunga mablanketi. Bibi Lindahl anasifu tafsiri yangu, ila anasema naandika sentensi ndefu mno.

Mwambie Mama yafuatayo. Mumewe alipoapishwa, Mama Beni hakwenda. Alifika katika ile nyumba kubwa ya marais siku za baadaye, naye akakaa vyumba vya juu. Wageni walipokelewa chini na mke wa mjomba wake. Nyumba ilikuwa ya msiba, imefungwa vitambaa vyeusi, na mume alifanya kazi zake chini. Huko juu Mama Beni alikuwa akimwandikia barua mwanawe aliyekufa, akimwomba radhi kwa mapenzi ambayo hakumwonyesha ya kutosha. Aliamini kwamba Mungu amemchukua Beni ili baba yake asiwe na kitu kingine cha kumshughulisha, apate kuifanya kazi ile kubwa kwa moyo mmoja.

Juu ya kunyolewa, kitabu hakisemi.

Ruhusa ya Juni ina shida kidogo. Bibi Lindahl anasafiri, na funguo za shule nimeachiwa mimi. Tutaona.

Kaka yako,
Simeoni


Mitundu, 8 Juni 1952

Kaka Simeoni,

Shikamoo. Mtama umevunwa, tumejaza kihenge kimoja na nusu. Sitaandika mengi ya shamba maana yaliyopo ni makubwa.

Mwezi uliopita Shangazi alipata mtu. Ni mwanamke anaitwa Kristina, wa karibu na Manyoni, ambaye mwanawe aliuawa na lori. Wazee wakakaa, wakasema lori na gari moshi yote ni magurudumu na moto, inatosha. Shangazi alikwenda mwenyewe kumchukua, na goti lile. Kristina akaja na wembe wake, mtu mpole, akakaa mlangoni kwa heshima. Mama akamwamkia vizuri, akamshukuru, akakataa. Alisema, "Wewe ni wa gari la barabara. Mimi mwenzangu yupo, nimeshasomewa habari zake. Namngoja Mama Beni."

Kaka, hakuwa anatania. Nilidhani anatazama ukuta tu, kumbe siku zote alikuwa anamtengenezea mgeni wake mahali. Amenifanya nipake udongo ukuta wa chumba cha mbele. Amefagia mwenyewe, kwa mkono ule ambao haushiki kijiko. Kristina alirudi kwao na wembe wake. Shangazi hanisemeshi, anasema mimi na karatasi zangu ndio tumeharibu.

Juzi Mama amenituma niandike barua kwa Mama Beni. Hii hapa, imo ndani, uipeleke kwa Bibi Lindahl aitume kwao: "Mama Beni, mimi ni mama yake Filipo. Pole. Nimesikia kwamba uko juu peke yako na watu wako chini. Mimi pia sikai na watu. Njia ni ndefu, najua, na wewe afya yako ndogo, lakini ukija utaninyoa na mimi nitakunyoa. Nakutumia unga wa uwele, ni wa mwaka huu." Unga uko kwenye kifurushi. Noorbanu, mke wa Valimohamed, ameushona vizuri kwa kitambaa cha gunia. Valimohamed aliuliza Amerika ni posta ya wapi nikamwambia kaka anajua.

Yapo mawili tunataka ujibu. La kwanza ni langu. Huyo mama yuko hai? Kitabu ni cha lini? La pili ni la Mama, nami naliandika kama alivyolisema bila kuelewa. Anauliza, "Yule bwana, kazi ile aliitafuta mwenyewe, au ilimjia tu?"

Selina


Kiomboi, 20 Julai 1952

Mdogo wangu Selina,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mitihani, halafu paa la darasa likaezuliwa na upepo, halafu nilikuwa na homa. Unga umefika salama. Juni imepita kama ulivyoona. Desemba nitajaribu tena.

Kitabu hakielezi kila kitu. Mwambie Mama ale.

Simeoni


Mitundu, 10 Agosti 1952

Kaka Simeoni,

Shikamoo, na leo salamu zinaishia hapo. Nyumba haina habari nyingine ila moja.

Mama hasimami tena bila kushikwa. Mganga wa zahanati amekuja akampima, akasema haoni ugonjwa. Amesema mtu wa namna hii anaweza kufika mvua za kwanza, zaidi ya hapo hakuahidi. Kila lori la Valimohamed likisikika Mama ananiambia nikatazame kama kuna mgeni. Naenda. Nafanyaje? Nasimama barabarani mpaka vumbi linaisha, halafu narudi kumwambia bado.

Wewe uliandika mistari mitatu. Homa, paa, mitihani. Mwaka jana baada ya mazishi ulikaa nasi siku nane, hukumtazama Mama hata mara moja, halafu ukatembea kwa miguu kutoka Itigi mpaka Manyoni usipande gari moshi. Nilikuonea huruma wakati ule. Sasa huruma yangu imebaki kidogo, na yote naihitaji kwa huyu aliyelala hapa.

Sitaki kurasa. Nijibu ndiyo au hapana. Mama Beni yuko hai? Yule bwana aliutafuta urais?

Selina


Kiomboi, 31 Agosti 1952

Selina,

Mama Beni amekufa. Alikufa mwaka 1863, miaka themanini na tisa iliyopita, amezikwa kwao pamoja na wanawe. Nilijua tangu ukurasa wa kwanza. Sikuandika mwaka kwa sababu niliona habari ya zamani haitamfariji mtu. Sikufikiria kabisa jambo la kunyolewa. Nilisahau kwamba kwetu mtu akisikia kuna mwenzake wa msiba, humngoja. Unga wa Mama uko juu ya kabati langu. Siwezi kuula na siwezi kuutupa.

La pili ni ndiyo. Aliutafuta. Alimwambia mkewe kwamba hakuutaka, kwamba umemjia tu, na hawezi kukataa. Baada ya Beni kufa, jamaa mmoja akamweleza mama yule ukweli, kwamba mumewe aliufanyia kazi. Ukurasa huo nimeutafsiri mara mbili nikauchana mara mbili.

Mimi niliwaambia kwamba misheni imeniita Kiomboi. Hawakuniita. Niliandika mara tatu kuomba kazi hii. Mama alipolia nisiondoke nilimwambia nifanyeje, nimeitwa.

Hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Mliambiwa Filipo alikuwa anacheza kando ya reli. Aliyesema hivyo ni mimi, nilimwambia bwana wa stesheni, na nikamwambia Mama. Alikuwa amenisindikiza na sanduku langu. Nilipokwisha kukaa ndani ya behewa nikakumbuka bahasha ya vyeti vyangu, nimeiacha dukani kwa Valimohamed. Nikamtuma. Gari likaanza kusogea, nikamwona anatoka dukani ameishika juu. Ningeweza kumpungia mkono arudi nyumbani. Vyeti vingekuja kwa posta. Niliita jina lake nikamwambia, kimbia. Akakimbia. Alikuwa anacheka, Selina. Alinyoosha bahasha dirishani, na mimi niliigusa.

Msomee Mama, au usimsomee. Nimekaa na jambo hili karibu mwaka mzima na sijui lipi ni jema.

Simeoni


Mitundu, 28 Septemba 1952

Kaka Simeoni,

Nilikaa na barua yako siku tatu. Siku ya kwanza nilitaka kuichoma. Siku ya pili nilitaka ungekuwa karibu nikupige, na nisingejali kwamba wewe ni mkubwa wangu. Siku ya tatu nililia, sikujua namlilia nani kati yenu wawili, ndipo nikamsomea Mama.

Nilisoma yote, hata mahali pa kukimbia. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo alikufa hajanyolewa?" Nikasema kitabu hakisemi. Akauliza, "Na yule bwana wa chini, yeye alinyolewa na nani?" Nikamwambia Wazungu hawanyoi, Mama. Akasema, "Walikuwa wawili katika nyumba moja, waliofiwa kwa gari moshi moja. Mmoja juu, mmoja chini. Wembe mmoja ungewatosha."

Kisha akaniambia ninyanyue mkeka wake. Chini yake kulikuwa na bahasha yako, ya kahawia, ina doa upande mmoja. Vyeti vyote vimo. Waliomwokota Filipo ndio waliompa siku ile ile. Mimi nimelala chumba kimoja naye mwaka mzima nisijue. Akasema, "Mtoto anayecheza hashiki vyeti vya watu. Nilijua alitumwa. Nilikuwa namngoja Simeoni aseme." Hakuuliza habari za misheni wala barua tatu. Nadhani hilo pia alilijua.

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni akasikia yote. Baadaye akasema mila inataka mwanamke. Mama akamjibu kwamba mila inataka aliyefiwa, hayo mengine ni sisi tuliodhani. "Filipo hakuwa na baba mwingine," akasema. "Mwambie aje aninyoe, na mimi nitamnyoa yeye."

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza. Nimepanga na Valimohamed. Lori litatubeba tarehe 14 Oktoba mpaka Itigi, na Noorbanu atatupa chumba cha nyuma ya duka. Wewe panda gari moshi la Alhamisi kutoka Manyoni, tarehe 16. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kufanya jambo hili na Mama hana siku nyingi.

Mwanzoni sikukusalimu, nilikuwa na hasira. Shikamoo, kaka.

Selina


Manyoni, 17 Oktoba 1952

Selina,

Nimeomba ruhusa nikapewa siku ile ile. Bibi Lindahl hata hakuuliza. Kumbe ningeipata wakati wowote.

Niko stesheni ya Manyoni tangu juzi. Tiketi ninayo. Jana gari la Alhamisi lilisimama hapa dakika ishirini. Niliweka mguu kwenye ngazi nikautoa, nikauweka tena, watu wakanipita wakidhani naaga mtu. Likaondoka. Leo alfajiri nilianza kufuata reli kwa miguu, nikasema kama nilitoka kwa miguu naweza kurudi kwa miguu. Nikafika daraja la kwanza, nikakaa hapo mpaka jua likawa kali, nikarudi.

Si gari moshi peke yake. Nafikiria Mama akinishika kichwa anioshe kwa maji, ashike wembe. Angenipiga ningevumilia. Hilo la kunishika kichwa siliwezi. Najua mnaningoja, najua hali yake, na bado nimekaa kwenye benchi hili kama mzigo uliosahauliwa.

Gadi wa gari la leo, Alute, amekubali kuwaletea barua hii mkononi. Mwambie Mama nimeshindwa. Arudi Mitundu, atafutwe tena yule Kristina.

Simeoni


Itigi, 18 Oktoba 1952

Kaka Simeoni,

Shikamoo. Barua hii haikupita posta. Amekuja nayo Mama mwenyewe, kwa hiyo kama unaisoma basi yuko mbele yako.

Alhamisi tulikuwa stesheni tangu asubuhi. Gari lilipofika watu walishuka mpaka wakaisha. Mama aliendelea kutazama mlango wa behewa hata baada ya gari kuondoka, tukamrudisha kwa Noorbanu tumembeba. Jana Alute alileta barua yako. Nilimsomea yote pamoja na mahali pa kichwa. Akasema, "Hawezi kuja. Basi nisimamishe."

Nilimwambia nitakwenda naye, akanikataza. Anasema wa jambo hili ni wawili tu. Shangazi Marietha angekuwepo tungemzuia, lakini mimi na Noorbanu hatukuweza, ni mtu wa kilo chache lakini anapotaka kitu ni mzito. Naandika haya kwenye sanduku la chai hapa jukwaani, na gari la kwenda Manyoni linaonekana kule mbali. Lilipopiga honi Mama alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akafumba macho. Bado ameyafumba. Hajapata kupanda gari moshi tangu azaliwe. Alute ameapa atamketisha karibu naye na kumshusha kwa mikono yake.

Sijui kama atafika. Sijui atakachokuambia, hakuniambia. Sijui kama mtanyoana hapo hapo benchini mbele za watu au kama wewe utaondoka ukimwona, na ukiondoka, kaka, sina la kukufanya, mimi niko huku.

Hajala tangu jana asubuhi. Mtafutie uji kwanza, kabla hujasema lolote.

Selina